Barua ya Kila Januari

Kila asubuhi, kabla Jesca hajavaa viatu, Margareta humsimamisha mlangoni, humgeuzia uso kwenye mwanga na kumvuta ngozi ya chini ya jicho kwa kidole gumba. Hutafuta umanjano. Akimaliza macho hushika vidole, kimoja baada ya kingine, aone kama vimevimba au vimepoa. Halafu humbonyeza tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, pale ambapo nesi wa kliniki alimfundisha kutafuta bandama. Jesca ana miaka kumi na moja na amezoea. Husimama akitazama bati, mikono ameiinua kidogo, kama abiria anayepekuliwa getini bandarini.

"Nimepita?"

"Umepita. Maji umekunywa?"

"Vikombe viwili."

"Ongeza kimoja."

"Mama, nitakojoa darasani jamani!"

"Kojoa. Bora ukojoe."

Mtoto ana selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtaani wengi bado huuita sikoseli. Chembe za damu yake hupinda kama mundu, na siku zikikwama kwenye mishipa, maumivu humshika mifupa mpaka analia bila kutoa sauti. Margareta ameshakaa naye wodini mara nne. Kila mara alihesabu matone ya dripu badala ya kulala, na kila mara walirudi nyumbani akiwa na sharti jipya la kumwekea.

Woga huu hakuzaliwa nao. Alikulia kijiji kimoja nje ya Masasi, binti wa kupanda mikorosho na kuruka mifereji, na shuleni ndiye aliyekuwa mkimbiaji wa mwisho kwenye mbio za kupokezana vijiti, yule anayekabidhiwa kijiti timu ikiwa nyuma. Aliolewa na Valerian, mchonga vinyago wa Newala. Wakaja Dar es Salaam, wakapanga chumba Mbagala, yeye akajifunza kushona, na mume akawa anatoka alfajiri kwenda kuchonga kwenye soko la vinyago la Mwenge. Walikuja na mtoto wao wa kwanza, Fransis.

Fransis alikuwa na miaka sita. Jumamosi moja alishinda uwanjani akifukuza mpira wa makaratasi na wenzake, akarudi nyumbani anachechemea. Walimkanda kwa maji ya moto, wakasema ni uchovu. Jumapili wakasema ni malaria. Jumatatu mchana walikuwa wamekaa kwenye mkeka, majirani wamejaa mpaka barazani, na hakuna aliyejua kilichomuua. Jina la ugonjwa walilipata miaka mitatu baadaye, Jesca akiwa na miezi tisa, mikono na miguu imemvimba kama maandazi. Nesi alitoka na majibu ya damu, akauliza taratibu kama walishawahi kuwa na mtoto mwingine.

Tangu siku hiyo Margareta alijipigia hesabu yake mwenyewe: Fransis alikimbia, Fransis akafa. Hakuna daktari aliyempa hesabu hiyo. Na kwa kuwa hakumwambia mtu, hakuna aliyepata nafasi ya kuisahihisha.

Basi Jesca alipoanza darasa la kwanza, Margareta alichana karatasi mbili za katikati ya daftari na kumwandikia mwalimu mkuu. Mwanangu ana selimundu, naomba asishiriki mchakamchaka wala mchezo wowote. Kila Januari aliiandika upya kwa maneno yaleyale, na kila alipoikunja alijisikia kama mtu aliyesukuma komeo la mlango mpaka mwisho. Nyumbani napo alizuia kamba, akazuia rede, akazuia kombolela. Wenzake wakicheza uani, Jesca aliwekwa kwenye kigoda awashikie kandambili.

Cherehani ya Margareta ni ya kukanyaga, na hulala ndani ya duka la Bi Bahiya. Huyu ni mjane wa Kiarabu ambaye ukoo wake umeuza unga, mafuta na viberiti kwenye kona ile tangu Mbagala ikiwa na minazi mingi kuliko nyumba. Bi Bahiya hufungua duka akishaswali, na kabla ya saa kumi na mbili na nusu Margareta huwa ameshaitoa cherehani barazani. Muda huohuo wanafunzi hupita mbio kwenye barabara ya vumbi mbele ya duka, mistari miwili, wakiimba mchakamchaka wao kabla ya kurudi kuingia darasani. Kwa miaka minne na nusu Margareta aliwasikia kwa raha. Watoto karibu mia mbili wanakimbia, na wake hayumo.

Asubuhi moja ya Juni, kipupwe kikiwa kimeingia, alikuwa anapinda sketi ya mteja wakati wimbo uliposikika kutoka upande wa shule.

"Uji unaungua!" sauti moja iliita.

"Kimbia!" watoto wakaitikia.

"Mpishi amelala!"

"Kimbia!"

Mguu wa Margareta ulisimama kwenye pedeli. Sauti iliyoita ilikuwa nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa neno. Angeitambua katikati ya soko la Rangi Tatu siku ya sikukuu.

Bi Bahiya alichomoza kichwa dirishani. "We Mama Jesca. Huyo si mtoto wako huyo?"

"Siye."

"Siye nani? Mie masikio yangu mabovu, lakini si kwa kiasi hicho. Huyo Jesca."

Mistari ilikata kona. Jesca alikuwa pembeni, mbele kabisa, shingo imemsimama, mikono inapiga hewa, anakimbia na kuimba kwa wakati mmoja. Margareta alinyanyuka na sketi ya mteja ikaning'inia kwenye sindano. Alitaka kuita. Kisha akafikiri kwamba akiita mtoto atashtuka, na akishtuka atakimbia zaidi, au atajikwaa na wale nyuma watampanda. Akabaki ameshika meza ya cherehani kwa mikono miwili. Walipokaribia duka wimbo ulibadilika.

"Kobe kaenda Kilwa!"

"Mdogomdogo!"

"Kabeba nyumba yake!"

"Mdogomdogo!"

Mistari yote ikapunguza mwendo, vumbi likatulia kidogo. Margareta hakulitia hilo maanani. Aliangalia miguu tu, ile miguu myembamba aliyoikanda kwa mikono yake mwenyewe, mpaka ikapotelea mwisho wa barabara.

"Mashallah, ana sauti," Bi Bahiya alisema. "Na kakimbia hajafa."

Margareta akamgeukia.

"Nisamehe, mwanangu. Ulimi huu utanipeleka pabaya."

Siku hiyo Margareta alishona sketi ya mteja ndani nje na akalazimika kuifumua yote.

Jesca aliporudi mchana mama yake hakumuuliza kitu. Aliogopa jibu. Alimpima joto, akampa chakula, akampima tena.

"Mama, umeshanipima."

"Kipimo kilikuwa kibaya."

Valerian alipoingia, jua bado halijazama, hata begi la patasi hajalitua, Margareta alimwambia alichokiona. Alitegemea mume ashtuke. Valerian alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kufungua viatu, akachukua muda mrefu kwenye kiatu kimoja.

"Ulijua," Margareta alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu hivi. Hapo dukani alikuwa anajificha katikati ya mstari, anaimbisha wakishapita; leo kajisahau."

"Wiki tatu, Valerian! Mtoto anakimbia wiki tatu, mie nimekaa nashona?"

"Aliniomba nisikwambie. Ule wimbo wa kobe tumetunga naye. Nachonga makobe mwaka mzima, nikasema angalau mmoja na aimbwe."

"Unatania na hili?"

"Sitanii, Mama Jesca. Naogopa na mimi. Simu ikiita nikiwa Mwenge naogopaga hata kuangalia ni nani." Alivua kiatu cha pili, akavipanga viwili sambamba kama vya kuuzwa. "Lakini muulize yeye kwa nini. Mie sitamsemea."

Jesca alikuwa nje anaosha vyombo na alikuwa amesikia kila neno, maana sufuria lile lile lilikuwa linasuguliwa tangu baba yake aingie. Margareta alichuchumaa mbele yake.

"Nani kakuruhusu kukimbia?"

"Mwalimu Gozbert."

"Na barua yangu?"

Jesca aliendelea kusugua. "Mie sitaki kuwa mwenye barua."

"Mwenye barua ndiyo nini?"

"Njoo shule uone."

Akarudi kwenye sufuria. Margareta alimjua. Mtoto ambaye amechomwa sindano nyingi hujifunza kukaza taya mapema, na akikaza hafunguki kwa kubembelezwa wala kwa kutishwa.

Kesho yake alitangulia kufika shuleni. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Mwalimu Gozbert, kijana wa Bukoba mwenye kipenga shingoni, alikuwa ndiye mwalimu wa michezo. Margareta alikuwa amejiandaa kumweleza mbele ya watu maana ya kuwa mlezi.

"Shikamoo, mama," Gozbert alisema.

"Marahaba. Mwalimu, mimi niliandika barua."

"Ipo, mama. Ipo kwenye faili, za miaka yote."

"Sasa kwa nini mwanangu yuko mbele ya mchakamchaka?"

Gozbert alitazama upande wa tangi la maji nyuma ya madarasa, na Margareta akafuata macho yake.

Kulikuwa na watoto wanane pale. Mmoja alikuwa na mkono uliofungwa plasta, mwingine alihema kwa mluzi, pumu ikimsikika kabla hajafungua mdomo. Walikuwa wanachota maji kwa ndoo, wawiliwawili, wakiyapeleka chooni na kwenye miche ya miti kando ya uzio. Maji yalimwagika kila hatua. Pindo za sketi zilikuwa zimelowa, soksi zimelowa, na ubaridi wa asubuhi ulikuwa bado haujapungua.

"Hao ndio wenye barua," Gozbert alisema. "Wenzao wakiwa mbioni, wao wanajaza maji. Ni utaratibu nimeukuta hapa. Wanasema wakiachwa wakae bure, kesho nusu ya shule italeta barua."

"Jesca alikuwa hapa?"

"Mpaka mwezi uliopita. Alinifuata akasema, mwalimu, bora nikimbie. Nikamuuliza, barua je? Akasema mama amebadilisha mawazo." Gozbert alishika kipenga, akakiachia. "Nilipaswa kukuuliza mwenyewe. Hilo ni kosa langu."

Yale maneno Margareta aliyoyapanga njia nzima yalimtoka kichwani. Alikuwa anafikiria soksi. Kila mchana, miaka yote hiyo, soksi za Jesca zilirudi mbichi, na yeye mwenyewe ndiye aliyezikamua na kuzianika, akinung'unika kwamba mtoto anachezea bomba. Alifikiria Juni ya mwaka jana, siku sita wodini, chupa mbili za damu. Alikuwa ametafuta sababu na akaipata: kamba ya kuruka, iliyofichwa chini ya godoro. Aliichoma kwenye jiko la mkaa mbele ya Jesca, na Jesca alitazama tu bila kujitetea. Mtoto alikuwa anabeba ndoo kwenye baridi kila siku kwa sababu ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mama yake. Na hakusema, kwa kuwa aliona mama anaiandika kwa moyo wote.

"Watoe hawa kwenye maji," alisema.

"Leo hii naongea na mwalimu mkuu. Lakini Jesca nimweke wapi, mama? Anaweza kukaa darasani peke yake mpaka wenzake warudi. Au akimbie. Ukitaka akimbie, niandikie. Mimi bila karatasi, akianguka, wataniuliza mimi."

"Nipe mpaka Ijumaa."

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Dokta Khulud, mwanamke mdogo wa umbo mwenye mtandio wa kijivu, alikuwa anamjua Jesca tangu anabebwa. Alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa.

"Nani alikwambia asikimbie?" aliuliza.

"Nyie."

"Sisi?"

"Mlisema asichoke."

"Tulisema asichoke kupita kiasi. Na asikae na kiu, asipigwe na baridi, asilowe. Umelishika neno moja, mama, mengine ukayaacha getini." Hakulisema kwa ukali, na ndiyo maana lilimuuma zaidi. "Mwili wake unahitaji kucheza kama wa mtoto mwingine yeyote. Ila yeye ndiye apange mwendo, kipenga kisimpangie. Maji kabla, maji katikati, maji baadaye. Akichoka asimame, hata kama wenzake wanaendelea. Akiwa na homa, au kifua kinabana, au mifupa inauma, siku hiyo hakuna mbio, mnakuja hapa. Jesca, ukichoka unafanyaje?"

"Naimba kobe."

Dokta Khulud aliweka kalamu chini. "Unaimba nini?"

Jesca alieleza, kwanza kwa aibu, halafu kwa majivuno kidogo. Anayeimbisha ndiye anayepanga mwendo, kwa sababu miguu hufuata wimbo. Wimbo wa uji ni wa mbio. Wimbo wa kobe ni wa kujikokota. Kwa hiyo yeye akisikia magoti yanakuwa mazito anaanzisha kobe, na shule nzima inapunguza, na hakuna anayejua ni kwa ajili yake.

"Darasa la saba wanalalamika," alimalizia. "Wanasema, we mtoto, huyo kobe wako atafika Kilwa lini? Nawaambia subirini."

Dokta alicheka mpaka nesi wa chumba cha pili akachungulia. Hata Margareta alihisi kitu kinalegea kifuani, ingawa si chote. Mtoto alikuwa amejipangia ulinzi ambao mama yake hakuufikiria kwa miaka mitano.

"Na siku ukichoka kuliko kobe?" Dokta Khulud aliuliza, cheko likiwa limeisha.

Jesca alitazama viatu vyake.

"Jesca."

"Namalizia tu."

"Unamalizia vipi?"

"Nikinyamaza wimbo unakufa. Watanicheka, watasema mgonjwa huyo."

"Imetokea mara ngapi?" Margareta aliuliza.

"Moja." Akafikiri. "Mbili."

Mara mbili mwanawe alikuwa amekimbia kupita mwisho wake, hatua chache kutoka dukani, akiimba, na Margareta siku hizo alikuwa anavuta uzi kwenye sindano.

"Hapo ndipo penye hatari," dokta alisema. "Hatari ni kushindwa kusimama. Tafuta mwenzako wa kukupokea wimbo. Mpaka umpate, hukimbii." Akaandika ushauri wake kwenye karatasi ya hospitali, akaipiga muhuri, akamkabidhi Margareta. "Huu ni wa shule. Ruhusa lakini ni ya mzazi. Hiyo siwezi kukuandikia."

Walirudi mchana. Margareta alikaa barazani kwa Bi Bahiya na daftari magotini, cherehani imefunikwa khanga. Aliandika mstari mmoja, akaufuta. Akaandika tena, akachana. Darasani kuna dawati, kuna ukuta, hakuna baridi wala kuchekwa, na hakuna mtu atakayemwita kumwambia njoo. Ilikuwa rahisi mno kuandika hivyo. Maneno yenyewe yalikuwa yanajileta.

"Andika akae darasani, yaishe," Bi Bahiya alisema kutoka ndani. "Mie nisikudanganye, ningeandika hivyo. Huyu Abrar wangu nimemlea ndani kwa woga, na yu mzima."

Abrar, mjukuu wake, anayesoma darasa moja na Jesca, alikuwa anapima sukari kwenye vifuko. "Mzima wapi, Bibi? Nikipanda ngazi za msikitini nahema kama mbuzi."

"Unahema kwa kula kashata."

"Nahema kwa kukaa dukani! Mama Jesca, mie naweza kumpokea wimbo. Nyimbo zote nazijua. Akiniangalia tu, nadaka."

"Utadaka na pumzi ya nani?" Bi Bahiya aliuliza.

"Ya kobe," Abrar alijibu, na Jesca, aliyekuwa amejikunyata kwenye ngazi akijifanya anasoma, akaangua kicheko.

Margareta alimtazama akicheka. Alijaribu kukumbuka lini alimwona akicheka namna ile kwenye kigoda, ameshika kandambili za watu. Hakukumbuka. Alijaribu pia kuuona uso wa Fransis ile Jumamosi kabla hajaanza kuchechemea, na huo aliuona vizuri, kwa sababu ulikuwa umejaa vumbi na furaha, na kwa miaka kumi na tatu hakuwahi kumruhusu mtu yeyote kuutaja. Akafungua ukurasa mpya, akaandika.

*Mimi, mama wa Jesca Valerian wa darasa la tano, nafuta barua zangu zote za nyuma. Namruhusu akimbie kama daktari alivyoandika. Awe na chupa ya maji. Akitaka kusimama aachwe asimame, na mtu yeyote asimcheke. Akisema anaumwa aaminiwe siku hiyohiyo, nipigiwe. Abrar atampokea wimbo. Tafadhali msimpe ndoo.*

Aliisoma mara tatu, akakunja. Safari hii hakusikia komeo lolote. Alisikia kama ameacha mlango wazi na kwenda sokoni.

Jumatatu ilikuja na mawingu. Macho meupe, vidole vya moto, bandama haionekani. Vikombe vitatu vya maji. Saa kumi na mbili na nusu Margareta alikuwa barazani, mguu kwenye pedeli, hashoni. Bi Bahiya alikuwa amesimama mlangoni na tasbihi, naye akijifanya ana shughuli.

"Uji unaungua!"

"Kimbia!"

Ilikuwa sauti ya Jesca. Ilisikika vizuri, ikakaribia, ikafika usawa wa mashine ya kusaga, ikahamia kwenye kobe. Margareta aliifuata neno kwa neno. Kobe kaenda Kilwa. Kabeba nyumba yake. Halafu, katikati ya mstari, ikakatika. Wimbo uliyumba, watoto wakaitikia hewa tupu, kisha sauti nene ya Abrar ikaudaka na kuuendeleza.

"Kapokewa," Bi Bahiya alisema. "Si ndivyo mlivyopanga? Mama Jesca? We Mama Jesca!"

Margareta alikuwa ameshashuka barazani. Alikimbia. Tangu Masasi hakuwa amekimbia, na khanga ilimbana magoti, na kandambili moja ilibaki kwenye mchanga. Mistari ilikuwa inakuja, akapita ubavuni mwake akitazama kila uso, na watoto wakaanza kupiga kelele. "Mama mbio! Mama mbio! Mama kobe!" Mwalimu Gozbert alinyoosha mkono kuonyesha nyuma, akamwambia kitu ambacho hakukisikia.

Jesca alikuwa nyuma kabisa, anatembea. Alikuwa ameshika chupa ya maji, anakunywa kidogo kidogo, jasho linamtoka kwenye paji. Alipomwona mama yake akija mbio na kandambili moja, alifunika uso kwa kiganja.

"Mama, jamani!"

"Unaumwa? Wapi? Kifua?"

"Siumwi. Nimechoka. Si mmesema nikichoka nisimame?"

"Miguu?"

"Mama, watu wanaangalia."

Margareta alitaka kuuliza mengine, lakini hakuweza. Pumzi ilikuwa imemwisha. Moyo ulimpiga masikioni, mbavu zilimchoma, akainama na kushika magoti. Jesca alimtazama kwa mashaka, kisha akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye jiwe lililo kando ya uzio wa mashine ya kusaga.

"Kaa hapo," alisema. "Usiongee kwanza. Ukisikia moyo umetulia ndiyo usimame, siyo kabla."

"Na wewe?"

"Mie nimeshapumzika. Natembea mpaka getini, sikimbii tena leo."

Aliangalia mistari ilivyokuwa inatangulia, akaondoka kwa hatua ndefu, hakugeuka. Margareta alimfuata kwa macho. Ndipo alipoona kamba ya kiatu cha kushoto imefunguka na inaburuzika vumbini nyuma ya mguu wake, hatua baada ya hatua. Alifungua mdomo amwite. Pumzi haikuwepo. Jesca alifika kwenye kona, akageukia upande wa shule, na Margareta akabaki pale jiweni, amekaza masikio kuelekea alikopotelea mtoto.